Jinsi ya Kuusoma Mji Mdogo wa Mtoni: Mimi, Binti Yangu na Cairo ya Illinois

Binti yangu alipewa kazi ya jiografia shuleni: chagua mji mdogo ulio kando ya mto, eleza ardhi yake na watu wake, kurasa mbili. Akachagua Cairo, kusini kabisa mwa Illinois, kwa sababu mimi baba yake huupita kila wiki na lori nikitoka St. Louis. Kuupita ndiyo, lakini kuujua sikuwa naujua. Barabara ya I-57 inauacha mji pembeni, unavuka Mississippi na kuingia Missouri bila kuona hata paa la nyumba. Jumamosi moja tukachukua gari dogo, tukaenda. Kama mwanao naye ameletewa kazi ya namna hii, fuata njia yetu, ila makosa yetu yaruke.

Anza na jina, maana hapo ndipo tulipojikwaa mapema. Usiseme Kairo kama ule wa Misri. Mzee mmoja kwenye kituo cha mafuta alinisahihisha kwa upole: wenyewe huita "Kero". Nilicheka peke yangu. Ilibidi nimweleze binti kero ni nini, kwani Kiswahili chake kinatosha kumwamkia bibi kwenye simu, hakivuki hapo. Jina pia linaponza kwenye takwimu. Georgia kuna Cairo nyingine yenye watu zaidi ya 10,000, na ndiyo namba aliyoinakili kwanza. Ukitafuta kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa, andika jina la mji pamoja na jimbo.

Kabla ya safari, angalia kipimo cha maji. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutangaza kila siku kimo cha mto Ohio hapo Cairo. Futi 40 ndipo mafuriko yanapoanza kuhesabiwa. Ukiona namba inapanda kuelekea huko, ahirisha, kwa sababu ncha ya ardhi unayokwenda kuiona huzama.

Na lazima uanzie kwenye ncha hiyo. Inaitwa Fort Defiance, na ndiyo sehemu ya chini kuliko zote Illinois. Simama utazame kusini. Kushoto kwako ni Ohio, ng'ambo yake Kentucky. Kulia ni Mississippi, ng'ambo yake Missouri. Mississippi ni wa kahawia kama chai ya maziwa, Ohio una kijivu cha kijani, na maji hayo mawili husafiri bega kwa bega kitambo kabla ya kukubali kuchanganyika. Mwambie mtoto achore mstari huo. Kisha mwulize mto upi una maji mengi. Binti yangu alisema Mississippi, nami nilidhani hivyo hivyo. Kwa wastani ni Ohio, ingawa jina linalobaki kuelekea kusini ni la mwenzake. Tulikaa pale karibu saa nzima tukitazama matishari yakisukumwa na boti moja, yamefungwa pamoja kama mkeka.

Halafu geuka uutafute mji. Huuoni. Unaona tuta la kuzuia mto. Cairo umekaa ndani ya matuta na kuta za zege kama wali ndani ya bakuli, na upande wa kaskazini barabara inapita chini ya reli penye lango kubwa la chuma linaloweza kuteremshwa, bakuli likafungwa kabisa. Tembea juu ya tuta ukiruhusiwa, uone mto ulivyo upande mmoja na paa za nyumba upande wa pili. Hakuna ramani itakayokueleza hilo vizuri kuliko miguu yako.

Sasa namba. Usiandike moja. Chukua sensa zote unazoweza na uzipange kwa miaka: 1920 watu 15,203; 1930 watu 13,532; 1940 watu 14,407; 1950 watu 12,123; 1970 watu 6,277; 2010 watu 2,831; 2020 watu 1,733. Asilimia ni hesabu ndogo: toa 1,733 kwenye 2,831, gawanya kwa 2,831, zidisha kwa 100. Inakuja karibu 39, kwa miaka kumi tu.

Hapa binti akaandika haraka: "Watu walihama kwa sababu ya mafuriko." Ni jibu tamu, na mji wa mtoni unakusukuma kulitoa. Nikamwambia arudi kwenye orodha. Mafuriko makubwa yalikuwa 1937. Kati ya 1930 na 1940 watu waliongezeka! Mwaka 2011 maji yalipanda hadi futi 61.72, rekodi, na mji ukahamishwa kwa muda. Usiku wa Mei 2 wahandisi wa jeshi la Marekani wakalipua tuta la Birds Point upande wa Missouri, maji yakamwagikia ekari kama 130,000 za mashamba, na Cairo ukasalimika. Anguko kubwa zaidi kwa idadi ya watu ni la 1950 hadi 1970, na ukuta haukuvunjika katika miaka hiyo.

Kwa hiyo tafuta kwingine. Daraja la reli la 1889 lilikuwa limeshaondoa kazi ya kuvusha mabehewa kwa vivuko. Baadaye barabara kuu ikapita kando. Na katikati kuna jambo ambalo mtoto asiliruke: Weusi, ambao leo ni kama saba katika kila wakazi kumi, walinyimwa kazi madukani. Mwaka 1967 askari kijana Mweusi alikufa akiwa mahabusu ya polisi, mji ukawaka ghasia, na kuanzia 1969 Weusi wakasusia maduka ya Wazungu kwa miaka. Wenye maduka wengi waliona heri kufunga kuliko kuajiri. Kupungua kwa karibuni nako kuna sababu yake: mwaka 2017 serikali ilitangaza kufunga makazi ya umma ya Elmwood na McBride yaliyokuwa yamechakaa vibaya, na watu kama 400 wakatakiwa kuhama.

Pita Washington Avenue uone Magnolia Manor, jumba la matofali lililokamilika 1872, kisha uhesabu viwanja vitupu kabla ya kona inayofuata. Sisi tuliacha kuhesabu.

Ukichora ramani, weka matuta kwa rangi yake, na kando ya kila namba andika mwaka. Siku yetu kipimo kilisoma futi 22. Binti aliiandika pembeni mwa ramani, pamoja na tarehe, kisha akalala njia nzima ya kurudi.