Kuhifadhi Samaki Uliowavua Katika Maeneo ya Dubu, Alaska

Samaki aina ya samoni wanapopanda mito ya Alaska wakati wa kiangazi, dubu wa kahawia hukusanyika kwenye mito hiyo hiyo, na katika Hifadhi ya Taifa ya Katmai si ajabu mvuvi na dubu kuwamo majini kwa wakati mmoja. Anayepiga kambi huko, mbali na makazi ya watu, hana budi kuwakinga samaki wake na mambo mawili: joto linalowaozesha na shombo linalomwita dubu.

Bakiza samaki watakaoliwa siku hiyo tu, na wengine uwarudishe mtoni wangali hai. Unayembakiza umuue mara moja, umkate matamvua ili damu itoke, kisha umpasue palepale ukingoni, kamwe si kambini. Kwangua kwa ukucha wa kidole gumba damu nyeusi iliyolala chini ya uti wa mgongo, kwani huharibika upesi. Toboa kibofu cha hewa, ukatekate mabaki vipande vidogo na kuvitupa penye kina na mkondo mkali, kwa sababu mzoga wenye hewa huelea hadi ukingoni na kumzoesha dubu kuwafuata wavuvi. Muulize kwanza askari wa hifadhi, maana karibu na Maporomoko ya Brooks, yaliyomo katika hifadhi hiyo, kusafisha samaki kumekatazwa.

Minofu ikishakaushwa kwa kitambaa safi, itie katika mifuko miwili ya plastiki, kisha ndani ya kopo gumu lililotengenezwa mahususi ili dubu asiweze kulifungua, uliweke kivulini, umbali wa mita 100 hivi kutoka kwenye hema. Penye miti mirefu waweza kuning'iniza mfuko mita 3 juu ya ardhi na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina, ingawa sehemu kubwa ya Katmai haina miti ya kutosha, na kwa hiyo kopo ndilo la kutegemewa.

Hata hivyo, kopo huzuia meno ya dubu, halizuii kuoza. Bila barafu ya kuwaweka samaki chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, wapike ndani ya saa mbili. Usidanganyike kwamba mfuko ulioondolewa hewa yote utawahifadhi kwa siku kadhaa: bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, humea pasipo hewa, na sumu yao haina harufu wala rangi ya kukuonya.

Nguo ulizovaa ukipasua samaki, kisu, ubao na matambara visiingie hemani, bali vihifadhiwe pamoja na chakula. Dubu akikaribia ungali unavua, acha kuvua. Ikiwa samaki amekwisha kunasa, kata mshipi aende zake, kwani mpapatiko wake majini ndio unaomvuta dubu.