Pima mwinuko kabla ya kuchimba mtaro

Ndugu yangu uliyeko Pemba, kabla hujachimba mtaro wa kushusha maji hadi kwenye mpunga, fungua Google Earth Pro, programu ya ramani za dunia, kwenye kompyuta. Ni bure. Chora mstari kutoka chemchemi hadi bondeni, uubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague mchoro wa mwinuko: kila kilima na kila bonde utaviona kwa mita.

Ila kwenye mikarafuu usiziamini namba hizo moja kwa moja. Data nyingi za bure zilitokana na rada iliyopelekwa angani mwaka 2000, na rada ile mara nyingi hugonga majani, haifiki kwenye udongo. Mikarafuu iliyosongamana inaweza kukuongezea mita kadhaa. Hapo kamalizie kwa mpira wa maji (bomba laini lililojazwa maji, la kulinganisha usawa wa sehemu mbili) na macho yako.