Kilomita ngapi kwa lita? Kupima ulaji halisi wa gari la turbo kutoka Japani

Matangazo ya Subaru Impreza WRX STI, Forester ya turbo au Lancer Evolution kutoka Japani huandikwa ulaji wa mafuta kwa kilomita kwa lita. Gari likishafika Nairobi au Dar es Salaam, namba ile haionekani tena, na mwenye gari huanza kumlaumu muuzaji, fundi au kituo cha mafuta. Namba ya kiwandani si ya uongo, ila ilipatikana maabara, magurudumu yakizunguka juu ya roli, kwa mwendo ambao turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) karibu haikufanya kazi. Unachohitaji ni kupata namba yako mwenyewe kwa kipimo cha haki, kisha kujua ni sehemu gani ya tofauti iliyo ya kawaida na ni ipi inayotokana na ubovu.

Anza kwa kujua namba ya tangazo ilitoka kipimo kipi. Magari mengi ya kuanzia mwaka 1991 hadi karibu 2010 yalipimwa kwa 10-15 mode: kilomita 4.16 tu, kwa wastani wa kilomita 22.7 kwa saa, bila kuzidi 70, na injini ikiwa tayari imepata moto. Baadaye ikaja JC08, yenye kilomita 8.17, kasi ya juu 81.6, na sehemu inayoanza injini ikiwa baridi. Magari mapya zaidi yana WLTC, lakini toleo la Japani limeacha ile awamu ya mwendo mkali kuliko zote iliyomo kwenye kipimo cha Ulaya, hivyo linaishia kilomita 97.4 kwa saa. Vipimo vyote vitatu hufanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kwa hiyo gari la 10-15 lenye kilomita 12 kwa lita na la WLTC lenye 12 hayalingani hata kidogo. La pili ndilo linalokula kidogo barabarani.

Kwa kulinganisha, Marekani hupima kwa ukali zaidi, mwendo wa kasi, joto na kiyoyozi vikihesabiwa. WRX STI ya 2015 ya huko, yenye injini ya lita 2.5, iliandikiwa maili 17 kwa galoni mjini, 23 barabara kuu na 19 kwa wastani. Zidisha maili za galoni ya Marekani kwa 0.425 upate kilomita kwa lita: 7.2, 9.8 na 8.1. Ukitaka kukisia STI itakula kiasi gani kabla hujainunua, namba hizo ni za kuaminika kuliko za 10-15.

Sasa, kwa nini magari haya hupishana na karatasi yake kuliko gari dogo la kawaida? Sababu kubwa ni mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kwa mwendo mpole kompyuta huchanganya sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ukikanyaga na turbo ikaanza kusukuma, huongeza petroli hadi karibu 11 au 12 kwa 1, ili kupoza vyumba vya mwako visigonge wala kuunguza pistoni. Maana yake, hewa ileile sasa inachomwa na petroli iliyozidi kwa robo au hata theluthi, na ziada hiyo haileti mwendo bali inalinda injini. Kipimo cha maabara hakifiki huko. Dereva anayepita lori kila baada ya dakika mbili anafika huko siku nzima.

Ya pili ni upepo. Ukinzani wake hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwa kilomita 130 kwa saa ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 90. Bawa kubwa la nyuma na matairi mapana huongeza mzigo huohuo.

Kipimo chenyewe

Jaza tangi mpaka nozeli ijikate mara ya kwanza, kisha mwambie mhudumu asiongeze hata tone. Kuzungusha hesabu ifike shilingi kamili ndiko kunakoharibu vipimo vingi. Sifurisha odomita ya safari. Endesha mpaka utumie walau lita 35, rudi pampu ileile, simamisha gari likielekea upande uleule, jaza tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Kosa la lita moja katika lita 40 ni asilimia 2.5, katika lita 10 ni asilimia 10, na ndiyo sababu kupima kwa "mafuta ya elfu mbili" hakukupi kitu. Fanya matangi matatu, jumlisha kilomita zote na lita zote, ndipo ugawanye. Usichukue wastani wa majibu matatu.

Kabla ya tangi la kwanza hakikisha odomita inasema kweli. Watu wengi hunenepesha tairi ili gari lisigonge matuta: kutoka 225/45R17 kwenda 225/50R17 (namba ya katikati ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana wake) kipenyo hukua kwa asilimia 3.5, na odomita itahesabu pungufu kwa kiasi hichohicho. Endesha kilomita 50 huku simu ikihesabu kwa GPS, gawanya namba ya simu kwa ya odomita, na jibu hilo ulizidishie kila kilomita utakayoandika. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Kikiwa kwa kPa, gawanya kwa 6.9 upate psi. 230 kPa ni kama psi 33.

Usitegemee namba ya dashibodi. Kompyuta hukadiria mafuta kwa muda ambao injekta (vinyunyizio vya petroli) zimefunguka, hivyo gari lililowekewa injekta kubwa na kupangiwa upya programu linaweza kuonyesha namba isiyo na uhusiano wowote na tangi.

Njia nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Kutoka Mombasa hadi Nairobi unapanda karibu mita 1,700. Kuinua gari la tani moja na nusu kiasi hicho hutaka megajuli 25, na kwa kuwa injini hugeuza robo tu au zaidi kidogo ya nguvu ya petroli kuwa mwendo, hizo ni karibu lita 3 za ziada. Anayepima kwa kushuka pekee atajisifu, anayepima kwa kupanda pekee atapeleka gari gereji. Pima kwenda na kurudi. Barabara kuu za Tanzania zina vijiji ambako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Kila ukitoka kijijini na kupandisha kutoka 50 hadi 100 unatumia takriban mililita 50 kwa ajili ya kuongeza kasi tu. Vijiji ishirini, lita nzima. Ukiachia mafuta mapema na kuingia kijijini gari likibingirika na gia, bila breki, unarudisha sehemu nzuri ya lita hiyo. Foleni ni mbaya zaidi: injini ya turbo ya lita 2 ikinguruma imesimama, kiyoyozi kikiwa wazi, hula kama lita moja kwa saa. Kilomita 10 kwa saa nzima zinakupotezea lita hiyo kabla hujahesabu mwendo wenyewe.

Kusoma tofauti

Gari lisilo na ubovu, kwa safari za mchanganyiko, likipata asilimia 60 hadi 70 ya namba ya 10-15, au 70 hadi 80 ya JC08, liache. Chini ya hapo, au likishuka ghafla bila wewe kubadilisha njia, tafuta ubovu. Fuata mpangilio huu, kwa kuwa unaanza na vya bei nafuu.

Shika magurudumu baada ya mwendo wa dakika kumi bila breki kali. Moja likiwa la moto kuliko mengine, kalipa (kibano cha breki) imeng'ang'ania. Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, hakikisha mizingo ya tairi zote (urefu wa kuzunguka tairi) haipishani zaidi ya milimita 6, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote na kupata joto. Chomeka kisoma-kompyuta, kifaa cha kusoma namba za kompyuta ya gari: joto la maji barabarani likae karibu nyuzi 85 hadi 95. Likishuka kwenye 70 unapoteremka, thermostati imekwama wazi, na kompyuta inaongeza petroli ikidhani injini bado baridi. Angalia pia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta huongeza au kupunguza petroli. Ndani ya asilimia 5 juu au chini ni sawa. Ikifika hasi 10, kompyuta inapunguza petroli kwa kuwa mchanganyiko umejaa petroli kupita kiasi, na washukiwa ni sensa ya oksijeni iliyochoka au injekta inayovuja.

Moshi mweusi unapokanyaga, huku namba za mwendo mpole zikiwa nzuri, mara nyingi ni mpira uliopasuka kati ya turbo na injini. Sensa ya hewa ilishaihesabu hewa hiyo, nayo ikavuja njiani, na petroli yake ikamwagwa kama kawaida. Ziba mdomo wa kuingizia hewa, jaza hewa ya psi 10 hadi 15, paka maji ya sabuni kwenye kila kibano, viputo vitakuonyesha.

La mwisho ni oktani, namba inayoonyesha petroli inavyostahimili kugonga ndani ya injini. Petroli ya daraja la juu ya Japani ni RON (kipimo cha oktani) 96 au zaidi kwa kiwango chao, na injini hizi zilipangwa kwa hiyo. Ukitia pungufu, kompyuta huchelewesha cheche, nguvu hupungua, nawe unakanyaga zaidi kufidia. Jaza oktani ya juu kabisa inayopatikana kituoni, lakini usibadilishe mafuta na kipuri katika tangi moja, maana hutajua ni kipi kilichosaidia. Badilisha kimoja, pima matangi matatu, ndipo ununue kinachofuata.