Kufundisha Muziki Shule ya Msingi: Sikio Kwanza, Noti Baadaye

Mwalimu anayeanza kufundisha muziki katika shule ya msingi hushawishika kuanzia ubaoni. Nami nilianza hivyo: nilichora mistari mitano, nikaeleza jina na urefu wa kila noti, na baada ya majuma matatu wanafunzi wangu wa darasa la pili walikuwa na madaftari safi ajabu, lakini hakuna aliyeweza kuimba hata noti mbili kati ya zile alizozinakili. Kosa lilikuwa langu. Mtoto huongea miaka kadhaa kabla hajajua kusoma, na katika muziki pia alama inapaswa kuja pale tu inapokuwa jina la kitu ambacho sikio lake na mwili wake vimekwisha kukizoea.

Jambo la kwanza kufundisha ni pigo, yaani ule mwendo usiobadilika, kama hatua za mtu anayetembea bila haraka. Pigo huchanganywa sana na mdundo wa maneno, na mkanganyiko huo usipotatuliwa mapema humfuata mwanafunzi hadi madarasa ya juu. Chukua kifungu kifupi kama "Paka yuko wapi", ukiseme hivi: paa, kaa, yu-ko, wa-pi. Kina mapigo manne lakini silabi sita. Wanafunzi watembee yale mapigo manne huku wakisema maneno. Wakishatulia, wasimame na kupiga makofi silabi zote sita. Kisha ligawe darasa, nusu watembee na nusu wapige makofi, halafu wabadilishane. Mwisho kila mtoto ajaribu kufanya yote mawili kwa pamoja, miguu ikienda na pigo na mikono ikifuata maneno. Zoezi hili linaweza kuchukua majuma kadhaa, na si hasara. Mwalimu wa Uswisi Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950) alijenga mbinu yake juu ya wazo kwamba mdundo hueleweka kwanza kwa mwili mzima, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watoto arobaini wanaoongeza kasi bila kujijua atakubaliana naye.

Wakishalimudu zoezi hilo, silabi inayojaza pigo zima huitwa "ta", na mbili zinazogawana pigo moja huitwa "ti-ti", hivyo kifungu chetu kinasomeka ta, ta, ti-ti, ti-ti. Tunga vifungu vyako mwenyewe, lakini kumbuka kwamba Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilipanga neno "kalamu" ili "ka" iangukie pigo zito, watoto watajikwaa na utadhani hawana mdundo, kumbe ni sikio lao la lugha linalogoma.

Baada ya pigo hufuata sauti, na hapa pa kuanzia ni so na mi peke yake, noti mbili za ile ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti. Huo ndio umbali ambao watoto wengi huuimba bila kufundishwa wanapoitana kwa mbali au wanapotaniana uwanjani, na ndiyo sababu mbinu inayobeba jina la Mhungaria Zoltán Kodály (1882–1967) huanza nao. Imba "Paka yuko wapi" ukiweka "pa" kwenye so, "ka" kwenye mi, "yuko" kwenye so na "wapi" kwenye mi. Ongeza ishara za mkono zilizosambazwa katika karne ya 19 na Mwingereza John Curwen: kwa so, kiganja hukuelekea wewe mwenyewe, kidole gumba kikiwa juu, usawa wa kidevu, kwa mi, kiganja hutazama chini, kikiwa kimelala usawa wa kifua. Mkono unaopanda na kushuka humwonyesha mtoto kile ambacho maelezo ya "juu" na "chini" hayawezi kumwonyesha. La huingia baadaye, kisha do na re, na fa na ti zinaweza kusubiri kwa muda mrefu bila madhara yoyote.

Angalia sana ni wapi unapoanzia wimbo. Walimu wengi huanzia chini mno, mahali panapostarehesha koo la mtu mzima, nao watoto hulazimika kunguruma. Sauti ya mtoto mdogo hutulia vizuri kati ya D iliyo juu kidogo ya C ya kati (ile iliyo karibu na katikati ya kinanda) na A au B inayofuata, kwa hiyo ukiweka so yako kwenye A ya hezi 440, ambayo hata simu inaweza kukupa, mi itaangukia F yenye kupanda nusu (F♯), na wote watakuwa mahali salama. Mwalimu wa kiume huimba oktava moja chini, yaani noti ileile kwa sauti nzito zaidi, jambo linalowachanganya baadhi ya watoto. Atumie sauti nyembamba ya kichwani au amwombe mwanafunzi mwenye sauti thabiti aanzishe. Tena usiseme "imbeni kwa nguvu", kwa sababu watakachokupa ni kelele.

Katika kila darasa wapo wanaoimba noti moja tu, chini, bila kusogea. Wengi wao si viziwi wa muziki. Hawajagundua tu kwamba wana sauti nyingine zaidi ya ile ya kuongelea. Waache waige bundi, king'ora au upepo unaopanda na kushuka, kisha mchukue mmoja, uimbe wewe noti aliyo nayo, na mkishakutana hapo mpande pamoja hatua moja. Kumwambia mtoto afungue mdomo bila kutoa sauti siku ya tamasha ni ukatili ambao wengine huubeba hadi uzeeni.

Ala ziwe chache mwanzoni. Mikebe yenye mbegu, vijiti na ngoma moja vinatosha kushika pigo, ilimradi kanuni ieleweke kabla ya kuzigawa: ala hukaa mapajani, kimya, hadi mwalimu ainue mkono. Ukiwa na marimba yenye vibao vinavyotoka, ondoa F na B. Noti tano zinazobaki hazina nusu-toni (umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda) kati yake, kwa hiyo mtoto anaweza kubuni chochote bila kugonga noti zinazogombana. Mbinu hii inatokana na kazi ya Mjerumani Carl Orff na wenzake. Rekoda, ile filimbi yenye matundu, ingoje hadi miaka minane au tisa, vidole vinapoweza kuziba matundu kikamilifu. Anza na B, A na G, ambazo huchezwa kwa mkono wa kushoto tu, na uwafundishe kupuliza kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo.

Uandishi uje sasa, na utashangaa jinsi unavyokwenda haraka. Chora mistari miwili tu badala ya mitano, so juu na mi chini, uwaambie waandike ule wimbo wa paka. Wanajua tayari jinsi unavyosikika; wanachotafuta ni mahali pa kuuweka.

Kuhusu kupima, mtihani wa maandishi hautakuambia mengi. Imba swali la paka kwa so na mi, kila mtoto ajibu kwa kuimba mahali anapopataka mwenyewe: "yuko chini ya meza", "yuko darasani". Katika dakika tano utakuwa umesikia sauti kumi, moja moja, bila mtoto yeyote kujua kwamba anapimwa. Weka orodha ya majina karibu yako na utie alama mbili tu, moja kwa pigo na moja kwa sauti, na kipindi kinachofuata uanzie pale ulipoishia.