Dalili za vurugu kazini: namna ya kuziona kabla mtu hajaumia

Nasimamia utumishi kwenye ghala Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Hasira kazini ni jambo la kila siku, na wengi zinawaishia hapohapo. Mimi natazama mabadiliko, halafu maneno.

Hatua ya 1: Jua kawaida ya kila mtu
Mpakiaji aliyekuwa mkimya tangu siku ya kwanza hana tatizo, msimshuku bure. Wa kufuatilia ni yule aliyekuwa akitaniana na kila mtu, sasa anakula peke yake, ananuka pombe saa mbili asubuhi, na akielekezwa jambo dogo anabamiza mlango wa stoo. Ulizia yanayomkaba: kashushwa cheo, ndoa imevunjika, ana mkopo wa kausha damu. Dalili moja ikijitokeza, mjulie hali. Zikirundikana, ongeza umakini.

Hatua ya 2: Sikiliza anayowaambia wengine
Mwenye nia mbaya mara nyingi hamwambii anayemlenga. Humwambia mwenzake kwa mama ntilie. "Atajua hajui" ni msemo wa mjini. Lakini "atajua hajui, na kituo anachopandia daladala nakijua" ni tishio, maana tayari kuna mtu na mahali. Lina uzito zaidi akianza kuulizia zamu za huyo mtu, kumvizia getini, au kumsifia aliyemchoma bosi wake kisu. Msiwasahau pia waume na wapenzi wa zamani wanaopiga simu mapokezi kutwa. Ugomvi wa nyumbani humfuata mtu hadi kazini, na dada zetu wameumizwa hivyo.

Hatua ya 3: Andika
Tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alisikia. Usiandike "kichaa huyu".

Hatua ya 4: Ongea naye faragha
Uwe na mwenzako, ukae karibu na mlango. "Kaka, siku hizi naona hauko sawa, kuna nini?" Kisha nyamaza, msikilize. Kumkaripia mbele ya wenzake ni kumwaga petroli. Tuhuma zikiwa nzito, kanuni za ajira za utendaji bora za mwaka 2007 zinaruhusu asimamishwe kwa mshahara kamili wakati uchunguzi unaendelea. Mkimwachisha, mlipeni stahiki zake bila kumzungusha, na mwambieni ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akijua pa kudai haki yake, hana sababu ya kuitafuta kwa panga.

Hatua ya 5: Ukiona silaha, acha mazungumzo
Watoe watu, piga 112, mjulishe anayetishiwa. Walinzi wa zamu zote wajue nani haruhusiwi kuingia. Mtu akijeruhiwa, awahishwe hospitali, na mwingine aende polisi kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi.