Kabla ya kwenda Avebury na watoto

Wengi tukijiandaa kutembea mashambani Uingereza tunaangalia utabiri wa mvua tu. Kwa Avebury, kijiji chenye mawe makubwa ya kale kule Wiltshire, ulizia kwanza hali ya mto Kennet. Ardhi ya pale imekalia mwamba wa chaki. Mvua huzama chini polepole, na mto huja kujaa baadaye sana, mawingu yenyewe yakiwa yameshasahaulika. Mwishoni mwa kiangazi bondeni kunaweza kuwa kukavu kabisa. Februari na Machi, hata jua likiwaka, nyasi za karibu na kilima cha kale cha Silbury Hill mara nyingi zimekuwa kinamasi. Sisi tulikwenda mara ya kwanza mwezi wa pili, anga jeupe pee, na binti yangu amevaa raba mpya. Hatukufika mbali: raba moja ilinaswa kwenye tope, mguu ukachomoka na soksi tupu, akabaki amesimama kwa mguu mmoja huku ameng'ang'ania koti langu. Siku hizi ni gambuti kwa kila mtu, na kila mtoto ana jozi mbili za soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki.

Kutoka kijijini hadi kaburi la kale la West Kennet na kurudi ni kama kilomita 5. Si mbali, lakini kigari cha mtoto kiacheni. Kwenye mageti membamba na matope kitawatesa. Mtoto mchanga mbebe mgongoni kwa kanga kama nyumbani. Njia inakatiza mashamba ya watu na sheria inakuruhusu kupita, ila pita palepale penye mshale wa njano, na geti liache ulivyolikuta. Ng'ombe mwenye ndama mzungukieni kwa mbali. Watoto wavae suruali ndefu, maana kandokando kuna majani yanayowasha kama upupu, na kupe nao wapo. Jioni wakagueni nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya kwapa. Kabla ya kupanda kilima cha kaburi mtavuka barabara ya A4, magari yanakwenda kasi, kwa hiyo kila mtoto ashikwe mkono.

Saa nazo zipangwe. Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, Desemba ni saa kumi tu. Kwa wanaoswali, majira ya baridi adhuhuri na alasiri hukaribiana sana, basi bebeni mkeka mdogo wa plastiki, kwa sababu nyasi hazikauki. Choo malizeni kijijini, mbele hakuna. Chapati na chupa ya chai ya moto vinatosha.

Waambieni watoto mapema kwamba Silbury Hill haipandwi, ili wasilie wakifika. Kilima kile kililundikwa na watu kwa mikono miaka 4,400 hivi iliyopita, na mwaka 2000 kileleni palididimia shimo lililotokana na uchimbaji wa 1776. Kinachowafariji ni kwamba mawe makubwa ya Avebury yanagusika. Waonyesheni lile ambalo mwaka 1938 wachimbaji walikuta chini yake mifupa ya mwanamume wa enzi za kati, akiwa na mkasi na sarafu zake.

Na tochi, msiisahau. Kaburi la West Kennet lina urefu wa mita 100 hivi na umri wa zaidi ya miaka 5,600, na mlango wake uko wazi bila kiingilio. Ndani kuna vyumba vitano vya mawe walimolazwa watu wasiopungua 36, wazee kwa watoto. Mwanangu aliingia akipiga kelele. Alipomulika ukuta akaona jinsi vijiwe vidogo vilivyopangwa kuziba nafasi kati ya mawe makubwa, akanyamaza, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole.