SOMO: Bei ya kalamu za kukereza, yaani za mbao zinazochongwa kwenye mashine inayozungusha mbao (soma kabla hujaniuliza "niuze bei gani?")

Kila wiki napokea picha ya kalamu na swali lile lile: "Mkuu, hii niuze bei gani?" Sijui. Picha haionyeshi gharama. Naandika mara moja, anayefuata nitamwelekeza hapa.

1. Orodhesha vifaa: seti ya vyuma vya kalamu, mbao, gundi, msasa, vanishi, kiboksi.

2. Hesabu saa zako, kuanzia kukata mbao mpaka kufungasha. Kunoa patasi nako ni kazi. Jipangie ujira wa saa, wala usione haya.

3. Ukipasua 1 kati ya 10, hizo 9 zibebe gharama yake.

4. Ongeza faida. Ujira ni wa mikono yako. Faida ndiyo inayonunua mashine ikifa.

5. Kamisheni ya duka. Hapa ndipo nilipoumia. Nilipeleka kalamu dukani kwa mali kauli, mwenye duka akataka asilimia 40 ya bei ya kuuzia. Nikachukua bei yangu, nikaongeza asilimia 40, nikajiona mjanja. Tuseme bei yangu ilikuwa 100, ikawa 140. Duka likakata asilimia 40 ya 140, yaani 56, mkononi nikabaki na 84. Kalamu zote zikaisha, nikashangilia, mpaka nilipokwenda kununua seti mpya hela ikagoma kutosha.

Usiongeze, GAWANYA. 100 gawa kwa 0.6 (ile asilimia 60 inayobaki kwako) ni kama 167: duka 67, wewe 100. Kamisheni ikiwa asilimia 30, gawa kwa 0.7.

Tahadhari: bei hiyo iwe moja kila mahali, hata anayekujia nyumbani. Duka likisikia unauza 100 mlangoni litakurudishia mzigo, na lina haki. Pia andikishaneni idadi, na nani analipa kalamu ikipotea rafuni.

6. Mpe mteja aandike. Weka mrija mzuri wa wino. Kalamu ya mpingo inayokwaruza karatasi ni kijiti tu.

MASWALI

– Mkuu, yangu ni ya mpingo, niuze bei gani?
Hatua ya 1 mpaka ya 5.

– Nimesoma, nataka makadirio tu.
Hujasoma.

– Kuna fundi anauza nusu ya bei zako na mzigo unatoka. Huoni unakimbiza wateja?
Muulize saa zake anazihesabu wapi. Huenda vifaa anapata kwa bei ya jumla, huenda anajipunja. Sijamlazimisha mtu kufuata hesabu yangu.

– Mimi natoboa vipande 10 kwa mkupuo, jioni nabandika ndani yake mabomba yote ya shaba, kesho nakereza. Muda wa kalamu moja niupateje?
Hili ndilo swali. Chukua saa za fungu zima, gawa kwa kalamu zilizotoka salama, si zilizoanza. Vifaa navyo vivyo hivyo, halafu hatua ya 3 iruke, maana zilizopasuka umeshazihesabu. Na kama unatoboa mpingo, chomoa keekee mara kwa mara utoe vumbi, kipande kipoe. Joto ndilo linalopasua, nawe utalaumu mbao.

– Ahsante, nilikuwa nalaumu mbao kweli! Mteja wa nje ya nchi akitaka kalamu za mpingo, kuna tatizo?
Mpingo umo Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, yaani kuuvusha mpaka kunataka kibali. Tangu mwisho wa 2019, bidhaa zilizokamilika haziguswi na masharti hayo kama mbao yenyewe haizidi kilo 10 kwa shehena, na kalamu huzifikishi huko. Vipande ghafi ni habari nyingine, hivyo vinataka kibali. Sheria za nchi yako na ya mteja ziulizie kivyake.

– Naongezea: vyuma vya rangi ya dhahabu huchujuka mapema kwa wenye mikono ya jasho. Kromu inavumilia.
Kweli kabisa. Mimi dhahabu naiuza kwa anayeiomba mwenyewe, na namwambia kabla hajalipa.